Wiski ya Kuogea

Kampuni ya Duke Cannon ya Minneapolis, Marekani, inauza kipande cha sabuni chenye uzito wa gramu 283, zaidi ya mara mbili ya kipande tulichozoea kukiweka kwenye kisahani bafuni. Kina umbo la tofali, na wenyewe wanasema wameiga sabuni nzito walizopewa wanajeshi wa Marekani wakati wa vita vya Korea. Wanatangaza pia kwamba ndani yake mna bourbon halisi ya Buffalo Trace, wiski inayopikwa Frankfort, makao makuu ya jimbo la Kentucky. Mnunuzi anafungua boksi, anavuta pumzi, anapata mbao, sukari iliyoungua na kitu cha vanila. Anatikisa kichwa kwa kuridhika: kweli, hii ni wiski. Hapo ndipo pa kumshika mkono na kumuuliza, hiyo wiski anayoinusa imetoka wapi?

Swali lina fedha ndani yake. Dr. Squatch, iliyoanzishwa San Diego mwaka 2013, ina kipande kiitwacho Wood Barrel Bourbon, na mwezi Juni 2025 Unilever ilitangaza kuinunua kampuni hiyo. Cremo, ambayo miongoni mwa bidhaa zake ni mafuta ya ndevu, sabuni ya maji na manukato ya Bourbon & Oak, ilichukuliwa na Edgewell mwaka 2020 kwa takriban dola milioni 235. Bath & Body Works, duka lililojengwa kwa pochi za wanawake, lina bidhaa za wanaume zilizopewa jina la neno moja tu, Bourbon. Watengenezaji wadogo wanaopika sabuni jikoni kwao na kuiuza sokoni Jumamosi hawana idadi. Aliyedhani hii ni zawadi ya mzaha ya kumpelekea mjomba, na afikiri tena.

Jibu linaanzia kwenye pipa. Wiski inapotoka tu kwenye mtambo ni nyeupe kama maji, na mtu aliyewahi kuonja gongo au chang'aa hatashangazwa sana na ladha yake. Rangi ya kahawia na sehemu kubwa ya harufu tunayoiita wiski vinatoka kwenye mbao. Sheria ya Marekani inataka bourbon ipikwe kwa nafaka ambayo angalau asilimia 51 ni mahindi, iingizwe pipani ikiwa na kilevi kisichozidi asilimia 62.5, na pipa lenyewe liwe jipya, la mwaloni, lililounguzwa kwa moto upande wa ndani. Moto huo ndio mpishi. Unavunja lignini, kile kinachoshikilia nyuzi za mti, na kutoa vanilini, harufu ileile ya vanila. Unatoa gwayakoli, yenye harufu ya moshi. Mwaloni wenyewe una laktoni zinazokumbusha nazi. Na ndani ya mbao hizo mna pia yujenoli.

Yujenoli ni karafuu. Mafuta ya karafuu yana yujenoli kwa asilimia 70 hadi 90, kwa hiyo mtoto wa Wete aliyekua akipita kwenye majamvi ya karafuu zilizoanikwa barabarani anaijua sehemu moja ya harufu ya wiski ya Kentucky bila kuwahi kuona chupa. Undugu huo una historia ya kiwandani. Vanilini ilitengenezwa kwa mara ya kwanza na wakemia wa Kijerumani, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, mwaka 1874, wakitumia utomvu wa misonobari. Baadaye, hadi miaka ya 1920, viwanda viliitoa kwenye yujenoli ya mafuta ya karafuu, katika miaka ambayo Unguja na Pemba zilitawala biashara ya karafuu duniani. Kisha wakagundua kuitoa kwenye lignini iliyobaki viwanda vya karatasi, na Borregaard ya Norway bado inafanya hivyo. Siku hizi sehemu kubwa inatokana na gwayakoli inayotengenezwa kwa malighafi ya petroli. Moshi, vanila, karafuu, mbao: kwa mkemia hizi ni nyumba nne za mtaa mmoja, na anayechanganya manukato ya sabuni ya wiski anaweza kuzizunguka zote bila kugusa tone la kileo.

Na mara nyingi hulazimika kufanya hivyo, kwa sababu wiski na upishi wa sabuni hazipatani.

Yeyote aliyehudhuria mafunzo ya ujasiriamali ya kutengeneza sabuni anakumbuka onyo la kwanza: kostiki soda haichezewi. Ukiimwaga kwenye maji, joto linapanda hadi sufuria haishikiki. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 tu za Selsiasi. Anayemimina kostiki kwenye wiski jinsi ilivyo atapata mapovu yanayofurika meza nzima. Na akifanikiwa kuichanganya na mafuta, rojo linaweza kuganda ghafla kabla halijafika kwenye chano. Ndiyo maana wapishi wazoefu wa sabuni huichemsha wiski kwanza hadi kilevi kiondoke, wakaipoza au kuigandisha iwe barafu, ndipo wakatia kostiki kidogo kidogo. Kinachobaki baada ya kuchemsha ni maji yenye rangi ya mbao. Maji hayo yanaingia kwenye magadi makali, yanapikika pamoja na mafuta ya nazi au mawese, halafu vipande vinaanikwa kwa wiki nne hadi sita vikauke. Chupa ya bei imepita njia yote hiyo, na pua ya kawaida haitaitambua mwishoni. Harufu inayosikika imetiwa kutoka kwenye kichupa kingine.

Viwanda vikubwa vina njia nyingine. Huchukua chembe za sabuni iliyokwisha kuiva, huzisaga kwa mashine mara kadhaa, hutia manukato na, wakitaka, kileo, kisha hukandamiza kipande. Kwa njia hii magadi hayaiunguzi wiski. Lakini kiasi kinachoweza kuingia ni kidogo, maana chembe zikilowa kipande hakishikani, na ethanoli nayo haikai, inapaa. Kwa hiyo tangazo la wiski halisi linaweza kuwa kweli tupu na bado lisieleze chochote kuhusu kile mtumiaji anachonusa.

Hata ile rangi ya kahawia inayopendeza ina siri yake. Vanilini ikikaa ndani ya sabuni hubadilika rangi polepole. Kipande kilichotoka kwenye chano kikiwa cheupe kama samli kinaweza kuwa kahawia kabla ya mwezi kwisha. Wapishi wa sabuni za waridi na jasmini hulalamikia jambo hili. Wa sabuni ya wiski wanalishukuru.

Kuna wakati kileo kilikuwa na kazi ya kweli ndani ya sabuni. Andrew Pears alifungua duka lake London mwaka 1789, na sabuni yake maarufu inayopitisha mwanga ilitengenezwa kwa kuyeyusha sabuni ndani ya kilevi kisha kukiacha kipae. Kilevi kilikuwa chombo cha fundi, kikaondoka, kikaacha kioo. Ukilinganisha na hilo, wiski ndani ya tofali la bafuni ni mgeni wa heshima: anatajwa mlangoni, anapewa kiti cha mbele, hapewi kazi.

Kwenye mafuta ya ndevu hoja ni fupi zaidi. Wiski ni maji na ethanoli. Mafuta ya ndevu ni mafuta. Havichanganyiki. Kichupa kinachodai harufu ya bourbon ndani ya mafuta ya jojoba kina manukato tu, na watengenezaji waungwana wanasema hivyo waziwazi.

Mahali ambapo kilevi bado kina kazi halali ni kwenye maji ya kupaka baada ya kunyoa. Kinyozi wa Kariakoo au wa Gikomba anayepitisha pamba yenye spiriti kwenye shingo ya mteja anaelewa kwa nini: inachoma, inapoza, inaua vijidudu. Ila kwa kazi hiyo wiski yenyewe ni dhaifu. Chupa ya kawaida ina asilimia 40 za kilevi, wakati kitakasa mikono kinatakiwa kiwe na angalau 60. Tena, kilevi cha kunyweka kinatozwa ushuru wa vinywaji, ndiyo maana kilevi kinachotiwa kwenye vipodozi huharibiwa makusudi ladha yake. Mojawapo ya viharibifu hivyo ni Bitrex, dutu chungu kupindukia iliyogunduliwa na kampuni ya Macfarlan Smith ya Edinburgh mwaka 1958. Nchi ya wiski ndiyo iliyoupa ulimwengu dawa ya kumzuia mtu asinywe manukato yake.

Haja ya kumzuia ilikuwepo. Karne moja kabla ya Bitrex, kisiwa cha St. Thomas cha Karibi kilijulikana kwa bay rum, maji ya kunyolea yaliyotengenezwa kwa majani ya mti wa huko yaliyotoneshwa pamoja na ramu. Hiyo ndiyo babu wa bidhaa zote hizi za kileo, na ni babu aliyestahili jina lake, kwa kuwa ramu ilikuwemo kweli na ilifanya kazi. Marekani ilipopiga marufuku pombe kati ya 1920 na 1933, wapo walioinywa. Na harufu kuu ya majani yale, kwa anayependa kufuatilia ukoo, ni yujenoli.

Wiski na usafi zilikutana kikazi mara nyingine mwaka 2020. Corona ilipoanza na vitakasa mikono vikaadimika, mamia ya viwanda vya kupika kileo nchini Marekani viligeuza mitambo na kujaza madumu ya kitakasa. Mwisho wa mwaka huo wenye viwanda walistuka kuona wanadaiwa na mamlaka ya chakula na dawa ada ya zaidi ya dola 14,000 kila mmoja, kwa kuwa sheria iliwahesabu kuwa watengenezaji wa dawa. Kelele zilipanda, na tarehe 31 Desemba wizara ya afya ikaifuta ada hiyo. Dumu lile lilinuka vibaya kuliko sabuni yoyote ya bourbon, na pengine ndilo lililokuwa na haki zaidi ya kujiita bidhaa ya usafi iliyotoka kiwanda cha wiski.

Mtego mkubwa kwa mnunuzi umo kwenye jina. Neno Bourbon kwenye kipodozi halimaanishi wiski kila mara. Vanila ya Bourbon, jeraniamu ya Bourbon na mafuta mengine ya jina hilo yanatoka, au angalau yalitoka mwanzo, kisiwa cha Réunion katika Bahari ya Hindi, ambacho Wafaransa walikiita Bourbon kwa heshima ya ukoo wa wafalme wao. Ni huko ambako mwaka 1841 Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12, alionyesha namna ya kuchavusha ua la vanila kwa mkono, kwa kijiti na kidole gumba. Njia yake ndiyo inayotumika hadi leo Madagaska, Komoro, Bundibugyo na Kagera. Wilaya ya Bourbon ya Kentucky ilipewa jina la ukoo huohuo wa kifalme, na kwa maelezo yanayosikika zaidi wiski ikarithi jina hapo. Hivyo losheni ya vanila ya Bourbon na losheni ya vanila na bourbon zinaweza kukaa rafu moja, moja ikiwa imeanzia kwenye ua la kisiwani na nyingine kwenye pipa la Marekani, na muuzaji asijishughulishe kutofautisha.

Uskoti ina harufu yake. Huko pipa si lazima liwe jipya. Mapipa mengi ni yale yaliyokwisha kutumika Kentucky, maana bourbon haiwezi kurudia pipa. Kwenye kisiwa cha Islay shayiri hukaushwa kwa moshi wa peti, udongo mweusi wa vinamasi uliotokana na mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka, na wiski za huko kama Laphroaig na Ardbeg hujaa fenoli. Wanaozionja huzungumzia hospitali, bandeji, lami, na hawajakosea. Fenoli ndiyo ile asidi ya kaboliki ambayo daktari Joseph Lister aliitumia Glasgow mwaka 1865 kusafisha vidonda, na ndiyo iliyotia harufu kwenye sabuni za kaboliki za zamani, Lifebuoy nyekundu ikiwa mojawapo. Mzee aliyeogeshwa kwa Lifebuoy ya zamani angeinusa Laphroaig na kukumbuka karai la utotoni. Watengenezaji wa sabuni wanaiogopa harufu hii, na wana haki: moshi ukizidi kidogo, mtu anatoka bafuni ananuka jiko. Wengi huuficha nyuma ya vanila. Hilo ni kosa kwa soko la Waswahili, watu ambao kwa karne nyingi wamefukiza nguo kwa udi kwenye chetezo na hawaoni aibu kutembea na moshi mwilini.

Kwa nini basi wiski, ikiwa kinachouzwa ni vanila, karafuu na mbao? Sababu moja ni kwamba vanila kwa muda mrefu ilihesabiwa harufu ya wanawake na ya keki. Shalimar ya Guerlain, ya mwaka 1925, iliijenga sifa hiyo kwa nguvu. Mwanamume wa Marekani ambaye hangenunua sabuni ya vanila ananunua ileile ikiitwa bourbon, ikiwa na umbo la tofali na picha ya pipa. Jina linampa ruhusa. Sababu ya pili ni hadhi. Wiski imejengewa taswira ya kiti cha ngozi, subira na mzee mwenye fedha. Ni vigumu kuifikiria sabuni ya gongo ikipewa rafu ya mbele ya supamaketi, ingawa kikemia gongo na wiski changa ni ndugu wa tumbo moja.

Kwa msomaji Mwislamu swali la kwanza huwa jingine kabisa. Wanazuoni wametofautiana kwa muda mrefu kuhusu kilevi ndani ya manukato: wapo wanaokiona najisi kwa kuwa ni hamri, na wapo wanaotenga kilevi cha kiwandani na kile cha kunywewa. Sabuni inayojivunia bourbon halisi inaifanya hata njia hii ya pili kuwa nyembamba, kwa sababu kilichotiwa ni kinywaji chenyewe. Inavutia kwamba sabuni ni mfano wa kale katika mjadala huo. Wanafikihi wa Kihanafi waliitaja sabuni iliyopikwa kwa mafuta yaliyonajisika kama kitu kilichogeuka dhati na kutoharika. Madhehebu ya Shafi, yenye wafuasi wengi zaidi katika pwani ya Afrika Mashariki, yana masharti magumu zaidi juu ya kugeuka huko. Sabuni zenye manukato matupu hazina kinywaji ndani yake, ila jina la kileo kwenye kisahani cha wudhuu litabaki likiwasumbua wengi, kwa sababu inayoeleweka.

Anayetaka kuzijaribu bidhaa hizi kwa haki asimalize kazi dukani. Kipande kikavu kinadanganya, kwa kuwa manukato yamelala juu juu. Akilowanishe, akitoe povu kwa maji ya moto, anuse tena: mvuke hubeba harufu nyepesi kwanza, na hapo sabuni mbaya hutoa ukali wa plastiki mahali pa mbao. Kisha anuse kiwiko baada ya saa moja. Kwenye sabuni ya kipande, hata iliyo bora, atapata kidogo sana, kwani kila kitu kimekwenda na maji. Kama kuna mabaki, yatakuwa ya vanilini, ambayo ni nzito na haipai upesi. Sabuni ya maji huishika picha ya wiski vizuri zaidi, kwa kuwa mara nyingi haina magadi ya kuiharibu. Mafuta ya ndevu ndiyo mshindi. Hayasuuzwi, yanakaa chini ya pua, na yanamfikia mwenye ndevu siku nzima kabla hayajamfikia jirani.

Aangalie pia ngozi, jambo ambalo matangazo hulipita haraka. Sabuni ya kweli iliyopikwa kwa kostiki huwa na pH ya 9 hadi 10, wakati ngozi iko karibu na 5. Mtu mwenye ngozi kavu ataona inavuta baada ya kuoga, na bourbon haitamsaidia. Kitakachomsaidia ni gliserini iliyobakizwa na mafuta ya ziada kama siagi ya shea. Yujenoli nayo huwawasha baadhi ya watu. Umoja wa Ulaya uliiweka kwenye orodha ya viambato vya manukato vinavyopaswa kutajwa kwa jina vikizidi kiwango fulani, ambacho kwa bidhaa za kusuuzwa ni asilimia 0.01.

Kwa hiyo mnunuzi wa Hamburg anaweza kukigeuza kipande cha sabuni ya wiski na kusoma upande wa nyuma, kwenye herufi ndogo. Mbele kuna pipa, jina la Kentucky na rangi ya asali. Nyuma kuna mafuta, maji, gliserini, halafu Parfum. Na mwishoni mwa mstari, baada ya yote, mara nyingi kuna neno Eugenol. Kwenye kiwanda cha mafuta ya makonyo ya karafuu cha Wawi, Pemba, wafanyakazi wanarudi nyumbani jioni nalo kwenye shati.